Kununua Jointa Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karakana yangu iko Bwaise, Kampala. Hakuna mwezi unaopita bila fundi kunipigia simu, au kufika mlangoni na picha nne kwenye simu yake: mashine nne, rangi nne, majina manne, na bei zilizoachana sana ingawa kwa macho mashine ni zilezile. Anataka nimwonyeshe ya kuchukua. Majibu yangu nimeyaandika hapa kwa ajili ya wale wa Arua, Mbale, Busia na Masaka wasioweza kufika. Siuzi mashine wala sipewi kitu na muuzaji yeyote.

Jointa ni ipi hasa? Dukani nikiuliza naonyeshwa kitu kingine.

Ni ile mashine ya randa yenye meza mbili na shafti ya visu katikati, ambayo mbao hupita juu ya visu ikisukumwa kwa mikono. Inanyoosha uso wa mbao, kisha inanyoosha ubavu ukae skwea na ule uso. Karakana nyingi za kwetu huiita plena, na hapo ndipo shida inapoanzia. Mwingereza akisema plena ana maana ya mashine hii. Mmarekani akisema plena ana maana ya thiknesa, ile inayomeza mbao upande mmoja na kuitoa upande wa pili ikiwa na unene sawa. Ukiagiza mtandaoni kwa jina peke yake unaweza kuletewa mashine ambayo hukuitaka. Tazama picha, na hakikisha meza ziko mbili na visu viko chini ya mbao.

Nina thiknesa tayari. Jointa ya nini tena?

Thiknesa huibana mbao kwa roli zake. Mkaratusi uliojipinda kama propela ukiingia humo hulazwa kwa nguvu, hurandwa, kisha ukitoka hurudi kwenye pinda lake. Umepata mbao nyembamba iliyopinda. Lazima uso mmoja unyooshwe kwanza, na kazi hiyo ni ya jointa, au ya randa ya mkono na jasho lako. Mbao zetu nyingi hupasuliwa kwa msumeno wa mnyororo huko huko msituni, na hazinyooki hata kidogo. Kwa hiyo sisi tunaihitaji jointa kuliko seremala anayenunua mbao zilizokwisha kunyooshwa kiwandani.

Jointa za chapa tofauti mbona zinafanana kama mapacha?

Kwa sababu mara nyingi ni mapacha kweli. Viwanda vya Taiwan, hasa eneo la Taichung, na vya China huzitengenezea kampuni nyingi mashine. Kila kampuni huchagua rangi, kibandiko, aina ya mota na ukali wa ukaguzi inaoutaka. Chuma kilichosubiwa kwenye kalibu moja kinaweza kuuzwa kwa majina matatu. Kuna pia chapa zilizo nyumba moja. Jet na Powermatic zote ni za JPW Industries ya Marekani, na Powermatic ndiyo huwekwa daraja la juu. Hammer ni mdogo wake Felder, na zote hutoka kwa kampuni moja ya Austria. Minimax ni ya SCM ya Italia. Delta ilianza Milwaukee mwaka 1919, lakini tangu 2011 imo mikononi mwa kampuni ya Taiwan. Anayeisifu Delta aliyoirithi kwa babu yake na anayeiponda Delta aliyoinunua juzi wanazungumzia vyuma viwili tofauti.

Hata hivyo, kufanana kwa umbo si kufanana kwa kila kitu. Mashine mbili za kalibu moja zinaweza kupishana kwenye beringi, kwenye nyaya za mota, kwenye muda chuma kilioachwa kutulia kabla ya kusawazishwa, na kwenye mkaguzi aliyezikataa zile mbovu. Bei ya juu mara nyingi hulipia mambo hayo yasiyoonekana pichani. Mimi huwa nalipia tofauti hiyo ikiwa ninaweza kuikagua kwa rula. Nikiambiwa niamini jina peke yake, silipi.

Kama si jina, nianze kulinganisha wapi?

Anza na upana wa visu, kwa sababu hilo huwezi kulirekebisha baadaye. Mashine ya inchi 6 inatosha anayetengeneza fremu za madirisha na miguu ya viti. Lakini nenda Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, utazame mbao inavyouzwa kwa inchi: 12 kwa 1, 9 kwa 1, 6 kwa 2. Mteja anayetaka meza ya mvule anataka ubao mpana usiochanwa. Inchi 12 ni milimita 305. Mashine iliyoandikwa milimita 300 itakunyima ubao huo kwa milimita 5 tu, na ya 310 itaupitisha. Nimewaona mafundi wakichana ubao mzuri wa mahogani katikati kwa sababu ya hizo milimita 5, kisha wakaugundisha upya. Mashine za Ulaya hukusaidia hapa kwa sababu nyingi huja na upana wa 260, 310 au 410. Hammer A3-31, kwa mfano, ni ya milimita 310, na A3-41 ni ya 410. Za Marekani hupimwa kwa inchi 6, 8, 12 na 16, na kutoka 8 kwenda 12 bei huruka sana.

Baada ya upana ni urefu wa meza zote mbili kwa pamoja. Kanuni ya mafundi ni kwamba unaweza kunyoosha bila taabu mbao yenye urefu hadi mara mbili ya meza. Meza ya mita 1.4 itakupa mbao ya mita 2.8. Mbao ya futi 14 ina zaidi ya mita 4.2, lakini isikutishe, maana hakuna sababu ya kuiranda nzima. Ikate kwanza kwa urefu wa kazi, uiongezee inchi moja au mbili, ndipo urande. Hivyo pinda la mbao linapungua na hupotezi unene bure.

Uzito nao ni ushahidi. Jointa ya inchi 8 yenye meza za chuma cha kusubu huwa na kilo 200 au zaidi. Ukiona ya upana huohuo ina kilo 60, basi meza ni za alumini au za bati lililokunjwa, na siku utakayoweka mbao ya mkaratusi ya 6 kwa 2 utaiona ikitikisika.

Meza za mkia wa njiwa na za msambamba zina tofauti gani?

Kwenye muundo wa kwanza meza huteleza juu ya mteremko wa chuma, na ikilegea unaweka vipande vyembamba vya bati ili kuinyanyua. Kwenye wa pili meza inakaa juu ya mihimili minne inayozunguka, na kurekebisha ni kugeuza skrubu. Ya pili hurekebishika haraka. Lakini mkia wa njiwa uliopangwa vizuri kiwandani hukaa miaka mingi bila kuguswa, kwa hiyo usimwongezee muuzaji pesa nyingi kwa neno hilo peke yake.

Visu virefu vya kawaida, au ile shafti ya vipande vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu langu linategemea mbao yako.

Visu virefu vya HSS, yaani chuma kigumu cha kukatia, ni rahisi, vinapatikana, na vinanolewa hapahapa mjini. Tabu yake ni kuvipanga. Kila kisu lazima kiwe sawa na meza ya kutokea, ile inayopokea mbao ikishapita kwenye visu, kwa kiasi cha unywele, upande wa kushoto, katikati na kulia, na fundi asiyezoea hula nusu siku. Ile shafti ya mzunguko, kama Shelix ya kampuni ya Byrd, ina vipande vidogo vya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, kila kimoja na kingo nne. Kingo moja ikifa unalegeza skrubu, unageuza kipande, unakaza, unaendelea. Haipigi kelele nyingi, na kwenye mbao yenye nyuzi zilizosokotana kama mahogani haing'oi nyuzi ovyo.

Sasa fikiria mvule. Ndani yake hujificha mawe meupe ya chokaa ambayo mti wenyewe huyatengeneza. Huyaoni mpaka kisu kigonge. Kisu kirefu kikigonga jiwe hupata pengo, na kuanzia hapo kila mbao inatoka na mstari ulioinuka. Itabidi uvitoe vyote, uvipeleke kunolewa na uvipange upya. Kabaidi nayo inaweza kupasuka, lakini unageuza kipande kimoja tu. Mchanga ulioganda kwenye mbao za msumeno wa mnyororo nao hula visu vibaya sana. Piga brashi ya waya kwanza, kwa mashine yoyote ile.

Kwa hiyo, ukifanya mvule, mahogani na mugavu kila wiki, shafti ya mzunguko itakulipa. Ukifanya paini na musizi, chukua visu virefu na pesa inayobaki nunua seti ya pili ya visu, ili moja ikienda kunolewa nyingine ifanye kazi. Ukichagua mzunguko, nunua boksi la vipande vya akiba siku hiyohiyo. Vipimo havifanani kwa kila chapa: viko vya milimita 14, viko vya 15, na unene nao hupishana. Vivyo hivyo kwa visu virefu: mashine inayotumia kipimo kilichozoeleka kama 310 kwa 30 kwa 3 itakupa usingizi kuliko inayodai kisu cha kwake peke yake.

Nimepata jointa nzuri kutoka Marekani kwa bei ya chini. Itafanya kazi kwa umeme wetu?

Soma kibati cha mota kabla ya kutuma hata shilingi. Umeme wetu ni volti 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu, kwa hezi 50. Marekani ni hezi 60, na mashine ndogo nyingi za huko hufungwa kwa volti 120. Transfoma itakutatulia volti lakini hezi haiigusi. Mota ya 60 ikipewa 50 huzunguka pole kwa moja ya sita. Ile ya mizunguko 1,725 inashuka hadi kama 1,440, visu vinapungua kasi, uso unakuwa na mawimbi, na mota inapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Puli kubwa zaidi kwenye mota hurudisha kasi ya visu, ila joto linabaki. Kama mashine ni nzuri kweli, piga hesabu ya mota mpya ya hezi 50 ndani ya bei. Mara nyingi ukimaliza hesabu hiyo, ile bei ya chini haipo tena.

Kuhusu fezi: mota ya hosipawa 3, ambayo ni karibu kilowati 2.2, inaweza kwenda kwa fezi moja, lakini usiichomeke kwenye plagi ya ampea 13. Ipe waya wake na breka yake ya umeme, kwa maana inapowaka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kawaida. Zaidi ya hapo tafuta fezi tatu. Tangu Aprili 2025 maombi hayo hupelekwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika. Jua kwanza kama fezi tatu zinafika mtaani kwako, ndipo ununue mashine. Nakuomba sana usigeuze mpangilio huo. Nimeona mashine mpya ikikaa chini ya turubai kwa miezi ikisubiri waya.

Za kutengenezwa Katwe zinafaa?

Zinafaa kwa kazi fulani, na siwapendi wanaozidharau. Fundi wa Katwe au Kisenyi, mitaa ya mafundi chuma hapa Kampala, atakutengenezea jointa ndefu kuliko yoyote iliyoko dukani, yenye beringi za kawaida kama UCP205 ambazo hata miji midogo inazo, na ikiharibika utamrudia yeye mwenyewe. Fremu za milango na vitanda vya kawaida itazifanya.

Udhaifu wake uko kwenye meza. Bamba la chuma likichomelewa huvutwa na joto, na lisiposawazishwa upya kwenye mashine baada ya kuchomelewa, halinyooki. Muulize fundi kama meza zilisawazishwa baada ya kuchomelea au kabla. Jambo la pili ni shafti. Ikiwa ni ya mraba, ikatae. Shafti ya mraba huacha pengo kubwa kati yake na meza, na kidole kikiingia pale hakitoki na jeraha dogo. Uingereza ilizipiga marufuku kwa mashine za kusukuma kwa mkono tangu miaka ya 1920. Dai shafti ya duara, na fundi mzuri ataichonga bila ubishi.

Na zile mashine za kazi tano kwa pamoja?

Kwa karakana ndogo yenye mtu mmoja, sawa. Mkiwa wawili mtagombania mashine, kwa sababu mmoja anataka msumeno na mwingine anataka randa. Meza zake za randa pia huwa fupi. Afadhali jointa na thiknesa zilizounganishwa pekee, ambazo hutumia shafti moja. Hizo zimefikiriwa vizuri zaidi, ila pima muda wa kubadilisha kutoka kazi moja kwenda nyingine, maana utabadilisha mara nyingi kwa siku.

Mtumba wa Uingereza?

Ningekuwa na nafasi na fezi tatu, ningeanzia hapo. Wadkin ya Leicester na Sedgwick ya Leeds ni vyuma vizito, na umeme wake ni hezi 50 kama wetu. Kagua beringi kwa kuzungusha shafti kwa mkono ukisikiliza, tazama kama meza ina ufa, na hakikisha kinga ya visu na fensi, ule ukuta wa pembeni ambao mbao huegemea, vimekuja nayo. Vifaa hivyo viwili hupotea njiani mara nyingi na kuvipata tena ni taabu.

Nikiagiza mwenyewe, bei ya mwisho naipataje?

Usilinganishe bei ya mtandaoni na ya duka la Kampala. Linganisha bei ya mlangoni kwako. Mpe wakala wa forodha namba 8465, ambayo ndiyo kundi la mashine za kufanyia kazi mbao, akuambie ushuru wa siku hiyo. Ongeza VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6, meli hadi Mombasa, lori kupitia Malaba au Busia, na malipo ya wakala mwenyewe. Ulizia pia kama mashine yako inahitaji cheti cha PVoC, yaani cha ukaguzi wa ubora huko inakotoka, cha UNBS, shirika la viwango la Uganda, kabla haijapakiwa, kwa sababu kukipata mzigo ukiwa tayari njiani ni gharama nyingine. Mashine ya kilo 250 hulipiwa uzito wake kila inapoguswa. Duka la Kampala likiwa ghali kidogo, lakini linakuwashia mashine mbele yako na kukupa risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, mara nyingi nalipendelea.

Usalama nao nilinganishe?

Tafadhali linganisha, tena kabla ya rangi. Ninawajua mafundi wawili waliopoteza ncha za vidole kwenye jointa, na wote wawili walikuwa wameiondoa kinga kwa sababu ilikuwa inakwama. Kwa hiyo usiulize tu kama kinga ipo. Isukume kwa mbao uone kama inafunguka na kurudi yenyewe. Kinga ya daraja, inayopita juu ya visu, hufunika zaidi kuliko ile inayojisogeza pembeni. Swichi ya kuzima iwe kubwa na ifikike kwa goti au kwa mkono usioshika mbao. Usirande kipande kifupi kuliko sentimita 30, tumia kibao cha kusukumia, vua glavu na ukunje mikono ya shati. Weka bomba la kufyonza maranda ukiweza. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua, na vijana wetu hulivuta siku nzima.

Nikifika dukani nikague vipi?

Beba rula ya chuma ya mita moja unayoiamini, skwea, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya) na mbao mbili za paini za kama mita moja. Niliwahi kununua jointa bila kubeba chochote kati ya hivyo. Ilikuwa mpya na inang'aa, na muuzaji alikuwa mkarimu. Meza ya kutokea ilikuwa imejipinda kama nusu milimita upande mmoja, na nilihangaika miezi minne nikidhani kosa ni la mikono yangu. Muuzaji alisema nimeiharibu mimi, na sikuwa na cha kumwonyesha.

Laza rula kwenye meza moja kwa urefu, kisha kwa mshazari pande zote mbili. Fila geji ya milimita 0.1 isipite chini yake. Pandisha meza ya kuingilia mpaka ilingane na ya kutokea, ulaze rula juu ya zote mbili, na meza ziwe katika usawa mmoja bila mwanga kuonekana. Weka skwea kwenye fensi, mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha ulaze fensi na kuirudisha uone kama inarudi palepale. Washa mashine bila mbao, weka kiganja mezani usikie mtetemo, iache dakika kumi, izime, kisha gusa nyumba za beringi. Uvuguvugu si kitu, lakini zikichoma mkono, iache hapohapo.

Mwisho randa ubavu wa zile mbao mbili, moja uso wake ukielekea fensi, nyingine uso wake ukielekea nje. Zisimamishe moja juu ya nyingine, bavu kwa bavu, uzinyanyue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya katikati, visu au meza hazijapangwa. Ukipenya kwenye ncha zote mbili, vilevile. Mwambie muuzaji apange mbele yako na urudie jaribio hilo, na asipokubali, mshukuru na uende duka linalofuata.